Sungusungu wa utumbo: seli za kinga zinatuhumiwa kwa haki kiasi gani?

Dawa ya secukinumab ilipoanza kujaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, walioisubiri walikuwa na kila sababu ya kutarajia mema. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ili kuinasa intalukini-17, kemikali ambayo baadhi ya seli za kinga huitoa zinapotaka kuwaita wenzao mahali penye maambukizi. Katika vipande vya nyama vinavyokatwa kwenye utumbo wa wagonjwa hao kemikali hiyo hukutwa kwa wingi, na seli zinazoitoa huwa zimejaa tele. Hoja ilikuwa rahisi kuifuata: mnyamazishe anayepiga yowe, na ghasia zitatulia. Matokeo ya jaribio hilo, lililohusisha wagonjwa 59, yalichapishwa mwaka 2012 na yalikwenda kinyume kabisa. Waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko waliopewa plasebo, yaani dawa isiyo na kiini. Hali yao ilielekea kuwa mbaya zaidi, na maambukizi, yakiwemo ya fangasi, yaliongezeka upande wao. Dawa hiyohiyo inatibu psoriasi ya ngozi kwa mafanikio makubwa hadi leo.

Jaribio hilo dogo linafaa kuwa mlango wa swali ambalo wataalamu wa tumbo wamebishania kwa miongo kadhaa. Je, seli za kinga zilizojaa katika ukuta wa utumbo ndizo zinazoleta magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, au ndizo zinazojaribu kuyazuia, na sisi tunazikuta tu kwenye eneo la tukio mikono ikiwa na damu? Kila upande una ushahidi mzito, na kila upande una dawa zilizofaulu na zilizoanguka. Maoni yangu, ambayo nitayatetea hapa chini, ni kwamba wabishani wengi wanazungumzia siku mbili tofauti za ugonjwa mmoja: siku ulipoanza, ambayo hakuna daktari aliyeiona, na siku mgonjwa alipoingizwa kamera ya kutazama utumbo.

Uvimbe ninaousema hapa si ule wa saratani. Ni hali ya nyama kuwa nyekundu, kupata joto, kutuna na kuuma kwa sababu damu na chembe nyeupe zimeitwa pale kwa wingi. Magonjwa yenyewe ni mawili. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York, ambaye aliuelezea mwaka 1932 pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Huu unaweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu na kuacha sehemu, na hupenya unene wote wa ukuta. La pili ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa katika utumbo mpana peke yake, huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu bila kuruka, na hula tabaka la ndani tu. Makadirio ya mwaka 2017 yaliweka wagonjwa wa magonjwa yote mawili duniani kuwa takriban milioni 6.8.

Ukuta unaogombewa ni mwembamba kupita kiasi. Kati ya mabaki ya ugali na maharage yaliyomo ndani na damu inayopita nyuma yake kuna safu moja tu ya seli, zilizoshikana ubavu kwa ubavu, ambazo hufa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Juu ya safu hiyo umetandazwa ute. Katika utumbo mpana ute huo una tabaka mbili, la nje likikaliwa na bakteria na la ndani likiwa karibu halina bakteria kabisa. Chini ya safu ndiko waliko walinzi. Wapo makrofeji, ambao humeza bakteria aliyepenya na kumsaga kimyakimya, bila kupiga kelele kama ambavyo ndugu zao wa kwenye damu wangefanya. Zipo seli zinazotoa kingamwili za aina ya IgA, gramu kadhaa kila siku, zinazomwagwa ndani ya ute ili kuwafunga bakteria wasisogee. Zipo seli T saidizi, chembe nyeupe zinazowaelekeza wenzao, za kila namna, na miongoni mwake seli T tulizaji ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzao. Zipo pia limfosaiti za asili (limfosaiti ni aina ya chembe nyeupe za damu), kundi ambalo sayansi imelifahamu vizuri kwa takriban miaka kumi na mitano tu iliyopita, na ambalo hutoa intalukini-22, kemikali inayoiamuru safu ile ya juu ijirekebishe na kumwaga sumu zake dhidi ya bakteria.

Aliyekulia Usukumani au Unyamwezi hahitaji maelezo mengi ili kuelewa jamii ya namna hii. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulikuwa umewashinda watu. Waliposhika mapanga na firimbi, ng'ombe walilala salama. Baadaye zikaja lawama kwamba wasio na hatia nao walikuwa wakipigwa. Ukifika kijijini asubuhi ya siku mbaya, ukakuta nyumba imeungua na kundi la sungusungu limesimama uani, utaandika nini katika taarifa yako? Inategemea umefika saa ngapi.

Upande unaozishitaki seli za kinga una faida moja ambayo hakuna anayeweza kuipuuza: ndio uliowaokoa wagonjwa. Sidney Truelove na Leslie Witts, huko Oxford, walichapisha mwaka 1955 ripoti ya mwisho ya jaribio la dawa ya kotisoni kwa wagonjwa 210 wa kolaitisi ya vidonda. Miongoni mwa waliopewa kotisoni, asilimia 41 walitulia kabisa, dhidi ya asilimia 16 ya wenzao. Kotisoni haiui bakteria wala haizibi tundu lolote katika utumbo. Inachofanya ni kuzinyamazisha seli za kinga, karibu zote kwa pamoja, na hilo peke yake lilitosha kubadilisha ugonjwa uliokuwa ukiua watu wengi.

Kisha zikaja dawa zenye shabaha. Infliximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, huinasa TNF, mojawapo ya kemikali kali zaidi zinazotolewa na makrofeji na seli T. Kuna jambo dogo kuhusu dawa hii ambalo linastahili kutazamwa kwa makini. Etanercept nayo huinasa TNF, na hutuliza baridi yabisi ya viungo vizuri tu, lakini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn haikuwasaidia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba infliximab hushika pia TNF ambayo bado imeng'ang'ania kwenye ngozi ya seli yenyewe, na seli iliyoshikwa hivyo hufa. Kama ni kweli, basi haitoshi kuifuta kemikali iliyokwisha kumwagwa. Seli yenyewe inayoitoa lazima iondolewe. Kwa mwendesha mashitaka, huo ni ushahidi mzuri mno.

Vedolizumab, ya mwaka 2014, inaupa upande huu nguvu zaidi. Haiui seli wala haiifuti kemikali yoyote. Inafunika tu ufunguo ambao limfosaiti hutumia kutoka kwenye mshipa wa damu na kuingia katika ukuta wa utumbo. Seli zinabaki zikizunguka mwilini, hazipati mlango. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, ambapo wagonjwa 769 wa kolaitisi ya vidonda waligawanywa kati ya dawa hii na adalimumab, ambayo ni ndugu wa infliximab, asilimia 31.3 ya waliopewa vedolizumab walikuwa wametulia baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 22.5 upande wa pili. Mtu akiniuliza kama seli zinazoingia utumboni zina mchango katika ugonjwa, nitamwonyesha jaribio hilo na sitasema neno zaidi.

Ushahidi wa maabara nao upo, ingawa una makali pande zote mbili. Mwaka 1993 Fiona Powrie na wenzake walichukua seli T saidizi kutoka kwa panya mzima wa afya, wakazitenga katika makundi mawili kwa alama moja iliyo juu ya ngozi yake, kisha wakalichoma kundi moja ndani ya panya asiye na seli T zake mwenyewe. Baada ya majuma kadhaa panya yule alikonda na utumbo wake mpana ukavimba. Walipomchoma panya mwingine makundi yote mawili kwa pamoja, hakuugua. Kwa hiyo seli T zinaweza kuleta ugonjwa, bila ubishi. Na seli T nyingine, kutoka bandama ileile ya panya yuleyule, zinaweza kuuzuia. Kila ninapomsikia mtu akisema "seli T ndizo chanzo", huwa natamani kumuuliza ni zipi.

Hapo ndipo upande wa utetezi unapoingia. Hoja yake ya kwanza inatokana na wagonjwa ambao kinga yao ina upungufu wa kuzaliwa nao, lakini utumbo wao umewaka. Kuna watoto ambao nyutrofili zao, yaani chembe nyeupe zinazomeza bakteria, hazina uwezo wa kutengeneza kemikali za oksijeni za kuulia bakteria. Zinameza, lakini haziui. Mtu angetegemea utumbo wa watoto hawa uwe umetulia, kwa kuwa askari wao hawana risasi. Badala yake, wengi wao hupata ugonjwa wa utumbo unaofanana na Crohn kiasi kwamba hata chini ya hadubini ni vigumu kuutofautisha. Bakteria ambaye hakuuawa mapema anawaita walinzi wengine, wale wanawaita wengine, na mwisho panakuwa na umati usiojua ulichofuata.

Hoja ya pili ni jeni. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na jingine la Marekani, yaligundua kwamba kasoro katika jeni iitwayo NOD2 huongeza sana uwezekano wa kupata ugonjwa wa Crohn. NOD2 ni kama pua ya makrofeji: hunusa kipande cha ukuta wa bakteria na kutoa taarifa. Kasoro zilizopatikana haziifanyi pua hiyo iwe kali zaidi, zinaidhoofisha. Ugunduzi uliofuata ulikuwa wa kushangaza zaidi. Mwaka 2009 watafiti walipopekua jeni za wagonjwa wa ukoma nchini China, walikutana na NOD2 tena, pamoja na jeni nyingine zinazohusika na ugonjwa wa Crohn. Ukoma ni ugonjwa wa bakteria anayejificha ndani ya makrofeji. Inaonekana jeni ambazo mwili huzitumia kupambana na bakteria wa namna hiyo ndizo hizohizo zinazoharibika mtu anapoelekea kwenye ugonjwa wa utumbo.

Ningekuwa mwendesha mashitaka ningejibu hivi: wengi wenye kasoro za NOD2 hawaugui maisha yao yote, na kasoro zile tatu maarufu hazikupatikana kwa wagonjwa wa Crohn wa Japani, ilhali ugonjwa wao haukosi kitu. Jibu hilo ni la haki. Jeni hiyo inaeleza njia moja ya kuingia katika ugonjwa, na huenda njia ziko nyingi.

Tony Segal wa London aliisukuma hoja ya udhaifu hadi mwisho wake. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba wagonjwa wa Crohn wanapojeruhiwa kidogo, iwe kwenye ngozi au kwenye utumbo, nyutrofili zinazokimbilia pale ni chache kuliko kwa watu wengine. Kama hivyo ndivyo, kuwaongezea walinzi kungekuwa tiba. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kujaribiwa: sargramostim, dawa inayochochea uzalishaji wa chembe hizo, ilipewa wagonjwa wa Crohn katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005. Haikufikia lengo kuu lililowekwa, ingawa waliotulia kabisa walikuwa wengi zaidi upande wa dawa. Utetezi ulipewa nafasi yake hospitalini na ukashindwa kuitumia vizuri. Hilo lisemwe wazi.

Lakini upande wa mashitaka nao ulipewa nafasi kubwa kuliko hiyo, nao uliishia pabaya. Ikiwa seli za kinga ndizo ugonjwa, dawa kamili ni kuzifuta zote na kuanza upya. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lilifanya karibu hivyo: kati ya wagonjwa 45 wa Crohn walioshindikana kwa dawa nyingine, 23 walipewa dawa kali za kuiangusha kinga yao na kurudishiwa seli mama zao wenyewe, yaani seli changa zinazozaa chembe za damu, na 22 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Lengo lilikuwa gumu, yaani kutulia kwa muda mrefu bila dawa yoyote na bila dalili yoyote katika vipimo. Wawili walilifikia upande mmoja, mmoja upande wa pili. Mgonjwa mmoja aliyepandikizwa alikufa. Ni kweli kwamba baadhi yao vidonda vilipungua kwa kiasi kikubwa, na watetezi wa njia hiyo hawajakata tamaa. Ila kitu kilichotarajiwa, yaani ugonjwa kung'oka pamoja na seli zake, hakikutokea.

Linganisha na watoto ambao kisa chao kilichapishwa mwaka 2009. Hawa walizaliwa na kasoro katika kipokezi cha intalukini-10, kemikali ambayo huwaambia makrofeji watulie, na utumbo wao uliungua vibaya tangu miezi ya kwanza ya maisha. Panya wasio na intalukini-10 walikuwa wameonyesha jambo hilohilo tangu mwaka 1993, na baadaye ikaonekana kwamba panya hao wakilelewa bila kijidudu chochote hawapati uvimbe huo. Mmoja wa watoto hao alipandikizwa uboho wa mtu mwingine, na akatulia. Tofauti na wale watu wazima 23 waliopandikizwa inajieleza: mtoto alipewa walinzi wenye masikio mazima, ilhali watu wazima walirudishiwa walewale. Kwangu mimi, hicho ndicho kisa kinachobeba uzito mkubwa kuliko vyote katika mjadala huu, kwa kuwa kinatenganisha wingi wa seli na utiifu wake.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu, ambao hatukuuomba. Virusi vya UKIMWI hushambulia seli T zenye alama ya CD4, na nyingi kati ya hizo haziko kwenye damu tunayoipima kliniki, ziko utumboni. Katika majuma ya kwanza ya maambukizi, kabla hata mtu hajajua kama ameambukizwa, seli hizo za utumbo huteketea kwa kasi, na miongoni mwa zinazoteketea kwa wingi ni zile zinazotoa intalukini-17. Kinachofuata kimepimwa mara nyingi tangu mwaka 2006: vipande vya bakteria wa utumbo huanza kuonekana katika damu, na kinga ya mwili mzima hubaki imewashwa kwa miaka. Hivyo basi, ondoa seli T hizo na ukuta unavuja. Virusi vilikuwa vimeonyesha, kwa mamilioni ya watu, jambo ambalo jaribio la mwaka 2012 lilikuja kulionyesha kwa wagonjwa 59.

Tumbili wanalithibitisha kwa njia ya pili. Hawa wa kwetu, wanaoiba mahindi shambani na mikate hotelini, hubeba kirusi chao wenyewe cha jamii ya VVU, nao hawaugui UKIMWI. Kirusi kinaongezeka katika miili yao kama kawaida, lakini seli zinazotoa intalukini-17 hubaki salama utumboni, ukuta hauvuji, na kinga yao hutulia baada ya muda mfupi.

Hata hivyo kuna taarifa zinazovuta upande mwingine, na itakuwa si uungwana kuzificha. Madaktari kadhaa wameripoti wagonjwa wa Crohn au wa kolaitisi walioambukizwa VVU ambao, kadiri CD4 zao zilivyoshuka, ndivyo tumbo lao lilivyotulia. Ni taarifa za wagonjwa mmojammoja na tafiti ndogo, na zipo nyingine zinazopingana nazo, lakini kiini chake si cha kubeza: seli zilezile ambazo kukosekana kwake kunauacha ukuta ukivuja, zikishazoea ghasia huwa ndizo kuni za moto.

Turudi sasa kwenye intalukini-17, maana fumbo lake limefumbuliwa kwa kiasi. Seli T nyingi zinazoitoa zinahitaji kulishwa na kemikali nyingine, intalukini-23, ili ziwe kali. Dawa zinazoiziba intalukini-23 zimefaulu pale ambapo secukinumab ilianguka: ustekinumab iliidhinishwa kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 2016, na risankizumab mwaka 2022. Itakuwaje kuziba kijito kuwe madhara, na kuziba chemchemi kuwe tiba? Kwa panya imeonekana kwamba kuna kundi jingine la seli T ndani ya ukuta wa utumbo, ambalo hutoa intalukini-17 kidogokidogo bila kusubiri amri ya intalukini-23, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachozikaza seli za safu ya juu zisiachane. Secukinumab ilifuta intalukini-17 yote, ya mkorofi na ya fundi. Dawa za intalukini-23 humgusa mkorofi na kumwacha fundi akiendelea na kazi yake.

Kama maelezo hayo yatasimama kwa binadamu kama yalivyosimama kwa panya, hayatakuwa yamempa ushindi mwendesha mashitaka wala wakili. Yatakuwa yamebadilisha swali kutoka "seli gani?" kwenda "kwa amri ya nani, na lini?"

Kuhusu "lini", tuna dondoo chache tu, lakini ni nzuri. Mradi mmoja wa Kanada ulifuatilia jamaa wa karibu wa wagonjwa wa Crohn, watu 1,420 waliokuwa wazima walipojiunga, na kupima jinsi utumbo wao unavyopitisha sukari ambazo hazipaswi kupita. Hamsini waliugua baadaye, na wale ambao ukuta wao ulivuja zaidi ndio waliokuwa katika hatari kubwa, ingawa vipimo vilikuwa vimefanyika miaka kadhaa kabla ya dalili. Katika damu ya wanajeshi wa Marekani iliyohifadhiwa kwenye majokofu, watafiti wamekuta pia kingamwili dhidi ya kemikali inayowalisha makrofeji na nyutrofili, miaka kabla wenye damu hiyo hawajagundulika kuwa na Crohn. Kemikali hiyo ndiyo iliyomo katika sargramostim. Dondoo hizi hazimalizi ubishi, kwa sababu mwendesha mashitaka anaweza kusema kwamba ukuta ulivuja kwa kuwa tayari kulikuwa na moto mdogo usioonekana. Lakini kwangu mizani inaanza kuinama: kwa wagonjwa wengi wa Crohn naona ulinzi ukilegea kwanza, na vurugu zikifuata. Kuhusu kolaitisi ya vidonda siko tayari kusema hivyo, kwa kuwa pale hoja za jeni za udhaifu ni hafifu zaidi.

Msimamo huo una mtihani wake. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2024 lilichukua wagonjwa 386 waliogunduliwa kuwa na Crohn hivi karibuni. Wengine walianzishiwa infliximab pamoja na dawa ya kuikandamiza kinga papo hapo, wengine wakapandishwa ngazi polepole kama ilivyozoeleka. Baada ya mwaka, asilimia 79 ya kundi la kwanza walikuwa wametulia bila kotisoni na bila upasuaji, dhidi ya asilimia 15 ya kundi la pili. Tofauti hiyo haifanyiwi mzaha. Kama walinzi wangekuwa bado na kazi ya maana siku ugonjwa unapogunduliwa, kuwafunga mapema kungeleta hasara, na haikuleta. Naikubali hoja hiyo kwa sharti moja, kwamba "mapema" ya daktari ni pale mgonjwa alipokwisha kuhara na kukonda kwa miezi. Sungusungu wamekwisha kukusanyika.

Hesabu hiyo ya Uingereza haihamishiki ilivyo hadi Dar es Salaam au Kisumu, na sababu ni kifua kikuu. TNF ndiyo inayoshikilia granuloma, kile kijivimbe ambamo makrofeji na seli T huwazunguka bakteria wa kifua kikuu na kuwafungia kwa miaka. Mwaka 2001, miaka mitatu tu tangu infliximab iidhinishwe, ilichapishwa orodha ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuitumia, zaidi ya nusu yao nje ya mapafu. Gereza lilifunguliwa na wafungwa wakatoka. Katika nchi ambako watu wengi wanabeba kifua kikuu kilicholala, na ambako chanjo ya BCG ya utotoni inakifanya kipimo cha ngozi kisiaminike sana, dawa inayomfunga mlinzi wa utumbo inamfunga pia mlinzi wa pafu. Vedolizumab, inayofunga mlango wa utumbo peke yake, ina hatari ndogo zaidi upande huo, na kama ningekuwa na sauti katika kupanga dawa za kununuliwa na serikali, ningetaka hilo liwekwe mezani pamoja na bei.

Minyoo nayo imetumika sana katika mjadala huu, kwa hoja kwamba mtu mwenye minyoo ana seli tulizaji nyingi na ndiyo maana Crohn ilikuwa adimu Afrika. Wapo Wamarekani walionyweshwa mayai ya minyoo ya nguruwe kama dawa. Majaribio ya awali, ya Iowa, yalitia moyo mwaka 2005, na makubwa yaliyofuata hayakuonyesha faida. Nadhani hoja hiyo imepewa umaarufu kuliko ilivyostahili. Sehemu ya uadimu huo ilikuwa ni uhaba wa kamera tu.

Na kamera inapofika, ubishi wote huu hushuka kutoka kwenye majarida na kukaa juu ya meza ya daktari. Mgonjwa ana miezi minane akiharisha na kukonda. Amekwisha kupewa dawa ya ameba mara mbili na ya taifodi mara moja. Kamera inaonyesha vidonda pale utumbo mwembamba unapoingia katika utumbo mpana, mahali ambapo Crohn hupenda kukaa na ambapo kifua kikuu cha tumbo nacho hupenda kukaa. Kipande cha nyama chini ya hadubini kina granuloma, ambayo magonjwa yote mawili huweza kuwa nayo. Ikiwa ni Crohn, seli zilizo pale zimezidi na lazima zitulizwe. Ikiwa ni kifua kikuu, seli hizohizo ndizo zinazomweka hai, na kuzituliza kunaweza kumuua. Pale vipimo vinaposhindwa kuamua, madaktari wengi humwanzishia kwanza dawa za kifua kikuu, humpa miezi miwili au mitatu, kisha humrudisha kwenye kitanda kilekile na kuingiza kamera tena ili kuona kama vidonda vimefunga.